Lugha ya ofisini: lini inasaidia kazi, lini inaficha uamuzi

Chukua sentensi hii, ambayo msomaji yeyote wa ripoti za robo mwaka ataitambua hata kama hajawahi kuiona: "Idara itaendelea kuimarisha mifumo ya ushirikishwaji wa wadau ili kuongeza tija na kuleta matokeo chanya katika utoaji wa huduma." Kisarufi haina kosa, na uongo haina. Mkuu wa idara ataisaini, mkaguzi ataipita bila kusimama, na mwaka ukiisha hakuna atakayeweza kusema kama kilichoahidiwa kimefanyika au hakikufanyika. Ubishi kuhusu lugha ya ofisini ungefaa uanzie hapo. Kama maneno yenyewe yanachosha au yanapendeza ni jambo dogo.

Kwa kawaida ubishi huo hauanzii hapo. Upande mmoja unalalamika kwamba maneno haya yanakera, yamejaa majivuno, na yangefaa kupigwa marufuku. Upande wa pili unajibu kwamba kila fani ina lugha yake, na asiyeielewa ajifunze. Wote wawili wana hoja, ila wanajibizana kuhusu vitu tofauti. Mmoja anazungumzia maneno ya mkumbo, yale yanayopita kikao hadi kikao bila mwenyewe. Mwingine anatetea istilahi, yaani maneno ambayo wenye fani wamekubaliana maana yake na mipaka yake. Kwa masikio ya mgeni yote mawili ni magumu vilevile, na ndiyo maana yanachanganywa. Lakini moja hubana maana na jingine huilegeza.

Tuanze na upande wa utetezi, kwa sababu ushahidi wake ni mzito kuliko wanaolalamika wanavyokubali. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la ndege la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafariki. Kulikuwa na ukungu na sababu nyingine kadhaa, lakini mojawapo ilikuwa ya maneno. Rubani msaidizi wa KLM alimweleza mwongozaji wa ndege kwa redio kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mwongozaji akaelewa kuwa ndege imesimama mahali pake ikisubiri ruhusa, kumbe ilikuwa imeshaanza kukimbia. Baada ya ajali hiyo mawasiliano ya redio yalikazwa. Neno la kuruka likatengewa wakati mmoja tu, pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Katika mazungumzo mengine yote husemwa kuondoka. Pia anayepewa maelekezo muhimu huyarudia kwa sauti, na aliyeyatoa husikiliza kama yamerudi sawasawa.

Huko ni kuongeza istilahi, tena kwa ukali, na kumeokoa maisha. Mtu wa kawaida akisikiliza redio ya marubani atatoka kapa, na hilo si kasoro, kwa sababu lugha ile haikutungwa kwa ajili yake. Ilitungwa ili watu wawili wenye lugha za mama tofauti, ndani ya kelele, wasikie jambo moja.

Uhasibu nao una kesi yake. Kampuni ikipeleka mzigo wa milioni 50 kwa mkopo wa siku 90, vitabu vinaonyesha mapato ya milioni 50 leo hii, na akaunti ya benki haionyeshi kitu mpaka siku ya 90. Mhasibu anapong'ang'ania kutenganisha mapato, faida na fedha taslimu, mwenye haraka humwona msumbufu. Lakini meneja akiamua kusema tu kwamba "hela imeingia" kwa kuwa ni lugha nyepesi, ataahidi mishahara ambayo haipo. Biashara nyingi zenye faida nzuri kwenye vitabu zimeanguka kwa kukosa fedha taslimu, na kosa huanzia kwenye kuchukulia maneno matatu kana kwamba ni neno moja. Wanasheria wana hoja ya aina hiyohiyo: fungu la maneno ambalo mahakama imeshalifafanua mara kadhaa lina thamani ambayo sentensi mpya, hata ikiwa tamu na rahisi, haina. Ukilibadilisha umefungua upya mlango wa mabishano uliokuwa umefungwa.

Kwa hiyo anayetaka kila hati iandikwe kwa maneno ya mtoto wa darasa la nne anakosea, na ikibidi kuchagua kati ya neno gumu lenye mipaka na neno jepesi lisilo nayo, tuchague gumu.

Utetezi huu, hata hivyo, unavuka mpaka pale istilahi inapohama fani yake na kuacha masharti nyuma. Mfano mzuri ni kanban, mbinu iliyokuzwa katika viwanda vya Toyota. Asili yake ni kadi. Kituo cha mbele kinapotumia vipuri, kadi hurudi kituo cha nyuma ikieleza ni kipuri gani na ni vingapi vitengenezwe. Bila kadi, hakuna kutengeneza. Nguvu yote ya mbinu iko kwenye katazo hilo, kwa sababu linazuia mzigo kurundikana. Ilipohamia maofisini, iliyofuata sana ni picha: ubao wenye safu tatu na vikaratasi vya rangi. Ofisi ambayo haijaweka ukomo wa kazi zinazoweza kuendelea kwa wakati mmoja ina ubao, haina kanban. Safu ya katikati inajaa vikaratasi 40, hakuna kinachomalizika, na bado kila mtu anaripoti kwamba mbinu inatumika. Neno limebaki, sharti limeondoka. Hili la kubeba jina bila sharti ndilo huwatokea maneno mengi ya uongozi, kuanzia ubunifu hadi uendelevu.

Athari zake hazikomei kwenye kuchosha watu vikaoni. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilirushwa. Sekunde kama 82 baadaye kipande cha povu la kuhami kilibanduka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walichambua uwezekano wa madhara na kuwasilisha matokeo kwa viongozi kwa slaidi. Moja ya slaidi hizo ilikuja kukosolewa waziwazi katika ripoti ya bodi iliyochunguza ajali. Neno la Kiingereza "significant", lenye maana ya "kikubwa", na ndugu yake "significantly", "kwa kiasi kikubwa", yalitumika humo mara 5, kwa maana zilizopishana mno: sehemu moja ni tofauti inayoweza kugundulika tu kwenye vipimo, sehemu nyingine ni uharibifu wa kuua wote waliomo. Chini kabisa ya slaidi ndipo palipokuwa na namba yenyewe. Majaribio yaliyotegemewa yalifanywa kwa kipande cha inchi za ujazo 3, wakati kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1,920. Hiyo ni mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga 7 wakafariki.

Itakuwa ni kuzidisha mtu akisema slaidi ndiyo iliyoua. Ajali ile ilikuwa na mizizi mirefu ndani ya shirika. Lakini tazama kazi iliyofanywa na lile neno. Mwandishi alilijua jambo, namba alikuwa nayo, na bado msomaji mwenye mamlaka aliweza kupitia ukurasa mzima bila kukutana na sentensi inayosema: majaribio yetu hayahusu kipande cha ukubwa huu, kwa hiyo hatuna msingi wa kusema chombo kiko salama. Neno la jumla lilimruhusu kila mmoja asome alichotarajia kusoma.

Upande wa fedha una mfano wenye funzo la namna nyingine. Kuna kipimo cha siku nyingi kinachoitwa EBITDA, yaani faida kabla ya kuondoa riba, kodi, uchakavu wa mali na upungufu wa thamani ya haki zisizoshikika. Mwaka 2018, kampuni ya kupangisha ofisi ya WeWork ilipouza hati fungani, iliwaletea wawekezaji kipimo chake yenyewe, EBITDA "iliyorekebishwa kwa jumuiya". Humo ziliondolewa pia gharama kama za matangazo, utawala, na usanifu. Hasara ya mwaka 2017 iliyokuwa dola milioni 933 ikageuka, kwa kipimo hicho, kuwa ziada ya dola milioni 233. Mwaka 2019 kampuni ilipotaka kuuza hisa kwa umma, hesabu zake zilichambuliwa kwa kina, na mwezi Septemba ikaondoa ombi lake.

Watu wengi huutaja mfano huu kama ushahidi kwamba istilahi ni ulaghai. Mimi nauona kinyume kidogo. Kipimo kile kiliweza kuchambuliwa na kukosolewa kwa sababu kilifafanuliwa: kilichoondolewa kiliandikwa, kwa hiyo mchambuzi yeyote angeweza kukirudisha na kupata jibu lake. Istilahi mbaya iliyofafanuliwa inaweza kukamatwa. Sentensi tamu isiyofafanuliwa, kama "tunaendelea kuimarika katika vigezo vyote muhimu", haikamatiki popote. Ukinilazimisha kuchagua, nitachukua ile ya kwanza.

Swali linalofuata ni kwa nini watu wenye akili timamu, wanaoongea vizuri kabisa wakiwa kwenye chakula cha mchana, huandika namna ile wakirudi mezani. Jibu la haraka ni kwamba wanataka kuonekana wasomi. Lina ukweli. Mwaka 2020 watafiti Zachariah Brown, Eric Anicich na Adam Galinsky walichapisha utafiti kuhusu hadhi na matumizi ya lugha ngumu. Walipopitia vichwa vya tasnifu zaidi ya 64,000, waliona kwamba vile vya vyuo vya hadhi ya chini vilikuwa na lugha ngumu na vifupisho zaidi kuliko vya vyuo vyenye hadhi. Katika majaribio yao pia, watu waliowekwa nafasi ya chini walielekea zaidi kuchagua lugha iliyojaa istilahi. Cha kusikitisha ni kwamba hailipi: Daniel Oppenheimer alionyesha mwaka 2006 kwamba maandishi yaliyotiwa maneno marefu pasipo sababu yaliwafanya wasomaji wamwone mwandishi kuwa na akili pungufu, si zaidi.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaona kosa la mameneja wanaowakemea wafanyakazi wadogo kwa kuandika kwa mbwembwe. Yule mdogo anaandika hivyo kwa hofu ya nafasi yake. Ukimkemea mbele ya wenzake umemwongezea hofu, na ripoti ijayo itakuja nzito zaidi au haitakuja kabisa. Mwenye uwezo wa kuanza kuandika wazi ni yule ambaye cheo chake hakitetereki kwa sentensi fupi.

Lakini majivuno hayaelezi yote. Sababu ya pili ni kusahau. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwaomba watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana ili wenzao wabuni ni wimbo gani. Wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani mwake na hawezi kuuzima, msikilizaji anasikia ngo-ngo-ngo. Mtaalamu anayemwandikia mkurugenzi wa idara nyingine yuko katika hali hiyohiyo. Hana nia mbaya. Hajui tena ni kitu gani wengine hawakijui.

Sababu ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa, na ndiyo isiyosemwa: lugha ya jumla inamkinga mwandishi. "Suala linashughulikiwa" halina mtu ndani yake. "Kumekuwepo na changamoto katika utekelezaji" haielezi nani hakutekeleza. Sentensi zikikosa mtenda, lawama hukosa pa kutua, na mpira unarushwa idara hadi idara mpaka kipindi cha bajeti kiishe. Hapa hatuna tena tatizo la mtindo wa uandishi. Mtu anafunika kombe mwanaharamu apite, na kozi ya uandishi bora haitamsaidia, kwa sababu anaandika vizuri sana kwa lengo alilonalo.

Wapo watakaosema kwamba utata una heshima yake, na hili tulipime kwa haki. Katika majadiliano ya mkataba, kusema namba mapema ni kujifunga. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa haiwezi kutangaza jambo kwa wafanyakazi wachache kabla ya umma. Kiongozi anayejua kwamba uamuzi haujafikiwa hana haki ya kuongea kana kwamba umefikiwa. Na ustaarabu wa kawaida unatutaka tusimvunjie mtu heshima kwa ukweli mkavu mbele za watu. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalohitaji maneno matupu. "Hatujaamua. Tutaamua ifikapo tarehe 15, na kabla ya hapo siwezi kuongeza neno" ni sentensi inayolinda siri, haidanganyi, na inamwachia msikilizaji kitu cha kushika. Ukilinganisha na "tunaendelea kufanya tathmini ya kina kwa kushirikisha wadau", zote zimeficha jambo lilelile. Tofauti ni kwamba ya kwanza inakiri kuwa inaficha na inataja siku.

Heshima hiyo inapimwa vizuri zaidi siku watu wanapoachishwa kazi. Julai 2014, Microsoft ilipotangaza kupunguza watu, wafanyakazi wa kitengo cha vifaa walipokea barua ndefu iliyofunguliwa kwa salamu ya kirafiki, ikaendelea na mikakati na mpangilio wa bidhaa aya baada ya aya, na huko chini sana ndipo ikatajwa kwamba watu wapatao 12,500 watapoteza kazi. Aliyeiandika huenda alidhani anapunguza makali. Msomaji wa barua kama hiyo ana swali moja tu, naye hasomi kitu mpaka alione jibu lake. Mpangilio unaomheshimu ni huu: nani anaondoka, lini ni siku ya mwisho, malipo ni kiasi gani na yanaingia lini, nani wa kumpigia, halafu ndipo sababu. Mikakati ya kampuni iwe hati nyingine.

Vifupisho vinahitaji nafasi yake, kwa sababu vinamla mgeni polepole. Mwaka 2010 Elon Musk aliwaandikia wafanyakazi wa SpaceX akikataza vifupisho vya kujitungia. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mfanyakazi mpya hatauliza maana kikaoni kwa kuogopa kuonekana mjinga, atakaa akisikiliza bila kuelewa. Alitoa na mfano wa kiufundi: jukwaa moja la majaribio lililopewa kifupisho VTS-3 lilichukua silabi nyingi zaidi kutamka kuliko jina lake la kawaida, "Tripod", yaani kitu cha miguu mitatu. Kifupisho kilikuwa kirefu kutamka kuliko jina lenyewe. Kanuni nzuri ya kazi ni kwamba kifupisho kinachotokea chini ya mara 4 katika hati kiandikwe kirefu, na hati moja isibebe zaidi ya vifupisho 5 vipya. Ukizidi hapo msomaji anaanza kurudi ukurasa wa kwanza, na akirudi mara ya tatu anaacha kusoma, ingawa atasema amesoma.

Serikali na mashirika ya viwango yameshajaribu dawa kadhaa. Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliweka mwaka 1998 kanuni inayotaka jalada, muhtasari na sehemu ya hatari katika waraka wa kuuza hisa viandikwe kwa lugha wazi: sentensi fupi, maneno ya kila siku, mtenda atajwe, mambo magumu yawekwe kwenye jedwali, na ukanushi usirundikwe juu ya ukanushi. Mwaka 2010 nchi hiyohiyo ilipitisha sheria inayozitaka taasisi za serikali kuu kuandika kwa namna ambayo umma utaelewa. Mwaka 2023 kikatoka kiwango cha kimataifa cha lugha wazi, ISO 24495-1. Ninachokipenda katika kiwango hicho ni kwamba hakianzi kwa kuhesabu silabi. Kinauliza kama msomaji amepata anachohitaji, kama amekiona kwa urahisi, kama amekielewa, na kama anaweza kukitumia. Hati inaweza kuwa na maneno mepesi tupu na ikafeli maswali yote manne.

Dawa ambayo haifanyi kazi ni orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Ukikataza "wadau", wiki ijayo utasoma "wahusika wakuu". Ukikataza "changamoto", itakuja "hali halisi". Tundu lililokuwa kwenye sentensi, yaani kukosekana kwa mtu, kiasi na tarehe, limebaki vilevile na limewekewa kiraka kipya. Kamusi ya ofisi ina manufaa zaidi, ikiwa fupi: ukurasa mmoja, maneno yasiyozidi 30, kila neno likiwa na maana, mfano mmoja wa matumizi sahihi, jina la idara inayolimiliki na tarehe ya mwisho kupitiwa. Neno ambalo halikutumika kwa miezi 6 liondoke. Hata hivyo kamusi isipewe kazi isiyoiweza. Utafiti wa Hillary Shulman na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa watu wa kawaida maandishi ya sayansi yenye maneno magumu, na hata pale ufafanuzi wa kila neno ulipokuwa papo hapo, bado wasomaji walijiona hawana uwezo wala hamu na somo lile. Kwa barua inayokwenda nje ya fani, ufafanuzi pembeni hautoshi, ni lazima sentensi yenyewe iandikwe upya.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya ripoti tuifungue. Hatua ya kwanza ni kuangalia vitenzi: kuendelea, kuimarisha, kuongeza, kuleta. Vinne vyote havina mwanzo wala mwisho. Mtu anaweza kuwa "anaimarisha" kwa miaka 10. Kila kimoja kiulizwe: kutoka wapi hadi wapi? Hatua ya pili ni kutafuta mtu. "Idara" si mtu, na kazi iliyokabidhiwa idara nzima haijakabidhiwa yeyote. Hatua ya tatu ni kipimo cha kinyume: igeuze sentensi uone kama kuna mtu mwenye akili zake angeisema. Hakuna ofisi itakayotangaza kwamba italeta matokeo hasi au itapunguza tija, kwa hiyo sehemu hiyo ya sentensi haijaamua lolote na inaweza kufutwa bila hasara. Kinachobaki ni ushirikishwaji wa wadau. Ni nani hao, na watashirikishwa kufanya nini?

Mwandishi akibanwa kwa upole kwa dakika 10 kwa kawaida huwa na jibu, kwa sababu jambo analijua. Sentensi inatoka hivi: "Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, mkuu wa dawati la wateja atampigia simu kila mteja aliyeleta malalamiko, ndani ya siku 2 za kazi. Sasa tunachukua wastani wa siku 9. Orodha ya simu itaambatishwa kwenye ripoti ya kila mwezi." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na hilo wanaopenda ufupi wakubaliane nalo: uwazi mara nyingi huongeza maneno. Kilichoongezeka ni kwamba sasa inaweza kuthibitika kuwa ya uongo. Mtu ataomba orodha ya simu, na orodha itakuwepo au haitakuwepo.

Zoezi hili nalo lina namna zake za kuharibika. Ya kwanza ni namba za kubuni. Ukimlazimisha mtu aweke kiasi, ataandika "asilimia 20" kwa sababu inaonekana ya wastani, na hakuna aliyewahi kupima hali ya sasa. Namba isiyo na kianzio ni neno tupu lililovaa tarakimu, na ni mbaya zaidi kwa kuwa inaaminika haraka. Kama kianzio hakipo, sentensi ya kweli ni: "Hatujui sasa ni kiasi gani. Tutapima hadi tarehe fulani." Ya pili ni kurahisisha kupita kiasi, pale mhariri asiyejua fani anapogeuza "fedha taslimu kutokana na uendeshaji" kuwa "faida" ili isomeke vizuri. Kila sentensi iliyorahisishwa irudi kwa mwenye fani aisome kabla haijatoka. Ya tatu ni kusambaza juhudi kila mahali. Barua pepe 60 za siku haziwezi kusafishwa, na si lazima. Nguvu iwekwe kwenye hati zinazobeba uamuzi: kumbukumbu za vikao, malengo ya mwaka, barua za wateja, mikataba ya kazi, matangazo ya ajira. Katika matangazo hayo, "mchapakazi anayeweza kuhimili shinikizo" itoke, na ziingie saa za kazi, idadi ya kazi kwa siku na jina la cheo atakachoripoti kwake.

Kwa vikao, kuazima kutoka kwa marubani kunatosha. Kabla ya kufunga ajenda, mwenyekiti amwombe aliyepewa kazi aiseme upya kwa maneno yake: anafanya nini, lini, na nani atajua kuwa imekamilika. Kwa ajenda 6 hili linachukua kama dakika 5. Itakapogundulika kwamba watu wawili waliokuwa wakiitikia kwa vichwa walielewa mambo mawili, dakika hizo zimejilipa. Mwenyekiti huyohuyo ndiye awe wa kwanza kuuliza maana ya kifupisho, hata anapokijua, ili gharama ya kuuliza isimwangukie mwajiriwa wa wiki ya pili.

Lakini kabla ya kurekebisha waandishi, kagua fomu zao. Fomu ya malengo yenye visanduku vilivyoandikwa "Dira", "Mkakati" na "Matokeo Tarajiwa" itajazwa "kuimarisha" na "kuboresha" na kila atakayeigusa, awe hodari au mzembe, kwa sababu hivyo ndivyo visanduku hivyo vinavyoomba. Weka badala yake vitano: nani, atafanya nini, kabla ya tarehe gani, hali ikoje leo, na ushahidi utakuwa hati ipi. Kisanduku cha nne kikiwa hakina kitu, fomu isipokelewe. Na cha kwanza kisikubali jina la idara.